Kukitaja Kitabu Usichokisoma

Mwanafunzi mmoja aliniletea sura ya pili ya tasnifu yake, na nyuma yake orodha ya marejeo iliyopangwa vizuri kuliko orodha yoyote niliyopata kuitunga nilipokuwa katika umri wake. Kila nukta ilikuwa mahali pake, majina yamefuatana kwa alfabeti, na miaka imekaa katika mabano yake kama askari katika gwaride. Marejeo yalikuwa 112. Nikaweka kidole juu ya moja, kitabu cha sarufi kilichopigwa chapa kabla ya Vita Vikuu vya Pili, nikamwuliza jalada lake lina rangi gani. Hakuudhika wala hakutahayari. Alicheka kidogo akasema, "Mwalimu, hicho kimo katika programu yangu." Swali langu lilikuwa la kitoto, na jibu lake lilikuwa la kweli. Kitabu kilikuwa kimo katika programu. Ila yeye ndiye hakupata kuingia katika kitabu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza jambo ambalo nataka kuliweka mbele ya wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wao ama waandika tasnifu ama wazisahihisha. Mtu atajapo kitabu katika maandishi yake, ashuhudia nini? Ikiwa kitabu kipo, na mwandishi wake aliishi, na maneno anayodaiwa kuyasema aliyasema kweli, je, mtajaji ambaye hakukifungua ametenda kosa gani?

Yafaa kwanza zana zenyewe zitendewe haki. Programu iitwayo Zotero ilitolewa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, huko Virginia, Marekani, na hupatikana bila malipo. Mtafiti aionapo makala katika intaneti hubonyeza alama moja tu, na programu huchukua yenyewe jina la mwandishi, kichwa cha makala, jina la jarida, juzuu, mwaka na kurasa, na mara nyingi makala yenyewe pia. Aandikapo, huliita rejeo kutoka katika hazina hiyo, nalo hukaa katika sentensi na katika orodha ya mwisho kwa wakati mmoja. Jarida likitaka mtindo mwingine, orodha nzima hubadilika kwa kufumba na kufumbua. Mendeley na EndNote hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Mimi, ambaye nilinakili marejeo yangu ya shahada ya kwanza kwa kalamu katika daftari, na mara mbili nikasahau kunakili mwaka, sina kinywa cha kuzilaumu zana hizi. Zimewaondolea watu taabu isiyokuwa na thawabu. (Jina la Zotero, kwa njia, lilitolewa katika neno la Kialbania lenye maana ya kulimudu jambo barabara. Sijui kama waliolichagua waliona kejeli iliyomo: kukiweka kitu sandukuni na kukimudu ni mambo mawili.)

Lakini taabu ile ya kalamu ilikuwa na jambo moja ndani yake ambalo hatukuliona mpaka lilipoondoka. Ili ukinakili kitabu ilikubidi ukishike, au angalau umshike mtu aliyekishika. Kunakili hakukuwa kusoma. Lakini kulikuwa mlangoni pa kusoma. Leo mtu aweza kukusanya vitabu mia kwa alasiri moja bila kupita mlango wowote.

Swali hili halikuletwa na kompyuta. Wanavyuoni wa Hadithi za Mtume walilikabili zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, nao walilichambua kwa makini ambayo vyuo vyetu vikuu havijayafikia. Kila Hadithi ilikuja na isnadi yake, yaani mnyororo wa majina ya watu walioipokezana. Al-Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakuridhika kwamba mpokezi na mwalimu wake waliishi zama moja. Alitaka ithibitike kuwa walikutana. Muslim, aliyefariki mwaka 875, aliona yatosha kwamba waliishi zama moja na kukutana kwao kuliwezekana, mradi mpokezi hakuwa mtu ajulikanaye kwa hila. Wanavyuoni hao wakapambanua hata vitenzi. Asemaye "nilimsikia fulani" hakuwekwa daraja moja na asemaye "kutoka kwa fulani". Na mtu aliyelitumia neno hili la pili ili wasikilizaji wadhani kuwa alisikia kwa masikio yake, hali alipokea kwa mtu wa kati ambaye amemficha, tendo lake lilipewa jina la peke yake: tadlisi.

Naomba msomaji atue hapa kidogo, maana hapa pana ufundi mkubwa wa fikira. Hawakulipa tendo lile jina la uongo, kwa sababu mwenye tadlisi hasemi hata neno moja lisilo kweli. Maneno yalitoka kwa fulani, naye asema yametoka kwa fulani. Analolifanya ni kuacha pengo katika mnyororo, kisha kumwachia msikilizaji alizibe kwa dhana yake njema. Anayedanganya, basi, ni wema wa msikilizaji mwenyewe. Shu'ba bin al-Hajjaj wa Basra, aliyefariki mwaka 776, alijulikana kwa ukali wake juu ya jambo hili, na ukali huo naufahamu: uongo waweza kukamatwa na kukanushwa, lakini tadlisi hula imani iliyo baina ya watu bila kuacha alama.

Sasa tazama orodha ya marejeo ya siku zetu. Orodha nzima imeandikwa kwa neno "kutoka kwa". Hapana mahali pa kusema "nilimsikia". Kitabu nilichokisoma mara tatu, kitabu nilichokisoma dibaji yake, na kitabu nilichokiokota katika orodha ya mtu mwingine, vyote vitatu vimesimama safu moja, kwa hati moja, na programu haiwezi kujua tofauti yake kwa kuwa hapana aliyeiambia. Ni kweli kwamba miongozo ya uandishi inayo njia ya kukiri: twaandika kwamba fulani amenukuliwa na fulani. Lakini nani apendaye kuiandika? Mwanafunzi aionapo aona aibu imeandikwa kwa wino. Huifuta, akaweka jina la kwanza peke yake, na mtu wa kati akatoweka.

Mtu aweza kusema kuwa nayakuza mambo, na kwamba watafiti wengi husoma wanachokitaja. Mwaka 2003 Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa makala iliyopima jambo hili kwa njia ya werevu: walifuata makosa ya chapa. Walichukua makala moja mashuhuri ya fizikia ya mwaka 1973, ambayo ilikuwa imetajwa kama mara 4,300. Katika kutajwa kote huko, mara 196 rejeo lilikuwa na kosa. Lakini makosa yaliyo mbalimbali yalikuwa 45 tu, na kosa moja, la nambari ya ukurasa, lilirudiwa mara 78. Miguu 78 haitelezi mahali pamoja kwa bahati. Ni dhahiri watu walinakiliana. Kwa hesabu zao walikadiria kuwa katika kila watajaji watano, kama mmoja ndiye aliyeisoma asili. Kadirio hilo laweza kupingwa, nami nalipinga kidogo: yumkini mtu akaisoma makala vizuri kisha, kwa uvivu, akalinakili rejeo lake kutoka kwa mwenzake. Lakini hata tukilipunguza kwa nusu, bado latosha kututia haya.

Kinachonishughulisha zaidi katika habari hii ni kwamba kosa la chapa ndilo lililokuwa shahidi. Nyayo zilionekana kwa sababu mkono wa binadamu hukosea. Programu za leo huchukua rejeo likiwa limekwisha kusahihishwa, zikaliweka kama lilivyo. Basi zimefuta nyayo bila kumzuia mpitaji. Anayenakili asichokisoma sasa hunakili bila kosa, na orodha yake yafanana na ya msomi mkubwa.

Mambo yaweza kufika mbali zaidi. Mwaka 2017 Anne-Wil Harzing alieleza uchunguzi wa profesa wa Uholanzi, Pieter Kroonenberg, juu ya makala iliyosemekana kuchapishwa mwaka 2000, inayohusu ufundi wa kuandika makala za kisayansi, ambayo ilikuwa imetajwa mara mia kadhaa. Makala hiyo haikupata kuandikwa. Lilikuwa rejeo la mfano tu, lililowekwa na mchapishaji Elsevier katika mwongozo wake ili waandishi waone namna ya kupanga jina, mwaka na kurasa. Wengi walijaza kazi zao katika kigezo kile wakasahau kuliondoa. Kisha, tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zimekuja programu kama ChatGPT, ambazo ukiziomba marejeo zaweza kukutungia yasiyokuwako, yenye sura zote za ukweli. Mwezi Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mbele ya jaji hukumu za kubuniwa walizopewa na programu hiyo. Watu walicheka sana habari ile. Mimi sikucheka sana, kwa kuwa niliona tofauti baina ya mawakili wale na sisi ni ndogo: wao walitaja wasichokisoma, na bahati yao mbaya ni kwamba hakikuwako. Sisi tutajavyo tusivyovisoma, kwa kawaida vipo.

Nami sistahili kusema "sisi" kwa ajili ya adabu tu. Katika tasnifu yangu ya uzamivu nilitaja kitabu cha Kijerumani cha karne ya 19, pamoja na ukurasa wake, juu ya jambo la lugha ya pwani. Nilikiokota katika tanbihi ya msomi niliyemheshimu. Miaka mingi baadaye kitabu kile kilipigwa picha kikawekwa katika intaneti, wazi kwa kila mtu, na usiku mmoja nikakitafuta kwa furaha kama mtu anayekwenda kumzuru jamaa wa mbali. Nikaufungua ukurasa wangu, nikausoma polepole kwa msaada wa kamusi. Ulikuwa ukieleza bei za ushanga. Hapana neno hata moja juu ya lugha. Zana zile zile zinirahisishiazo kosa ndizo zilizonifumania, nami kwa hilo nazishukuru.

Wapo wasemao kwamba rejeo si ushahidi bali ni kibao cha njia: lamwambia msomaji aelekee wapi, wala halidai kwamba aliyelichimbia amekwenda. Hoja hii ina nguvu, na kwa vitabu vitajwavyo jumla jumla naikubali. Lakini mtu aandikapo "fulani amethibitisha kwamba", hajachimbia kibao. Ameapa kwa niaba ya mwingine. Na hata kibao, mwenye kukichimbia akielekeza watu asikopita, atapata vipi kujua kama njia ingalipo? Ukurasa wangu wa ushanga ulikuwa kibao. Sijui wangapi waliufuata.

Nilipokuwa nikijiandaa kumkemea yule mwanafunzi niliitafuta sura yake ya kwanza, niliyokuwa nimeisahihisha mwaka uliotangulia. Katika pambizo, kwa hati yangu mwenyewe na kalamu nyekundu, nilikuwa nimeandika: "Marejeo machache. Ongeza." Alikuwa na marejeo 31. Sikumwuliza kama ameyasoma 31. Nilimwomba wingi, naye akaniletea wingi, kwa zana iliyotengenezwa kuleta wingi. Sikumkemea tena. Nilimwambia arudi na orodha ya vitabu ambavyo aweza kunieleza kila kimoja kwa dakika mbili bila kutazama karatasi, na vile alivyovipokea kwa wengine avitaje pamoja na jina la aliyempokeza.

Alirudi baada ya majuma matano akiwa na 47. Tisa kati yake vilikuwa na neno "nimekipokea kwa". Nilimsikiliza mpaka magharibi. Viwili vilimshinda akaviondoa mwenyewe.

Siku ya kuiwasilisha kazi yake mbele ya wahadhiri, mmoja wa wenzangu aliufungua ukurasa wa mwisho kwanza, kama tufanyavyo wengi, akauliza kwa upole mbona kwa kazi ya kiwango kile marejeo ni 45 tu. Kijana hakujibu. Alinitazama mimi. Nikasema ni 45 kwa sababu ameyasoma, na yale tisa ambayo hakuyasoma ameyasema. Mwenzangu alitikisa kichwa, akaandika neno katika karatasi yake ya alama, na kutoka nilipoketi sikuweza kulisoma.