Neno "War" na Asili Yake

Wengi katika vijana wetu wasomao Kiingereza hulitamka neno "war", yaani vita, wasiulize limetoka wapi. Na maneno, ndugu msomaji, yana nasaba kama watu walivyo nayo, na nasaba hiyo huenda ikatufundisha jambo.

Waingereza wa kale walikuwa na maneno yao mengine ya vita. Hili waliletewa na Wanormani, walioiteka Uingereza mwaka 1066. Nao asili yake waliipata kwa Wafaranki, watu wa jamii ya Kijerumani. Kwa hao wa mwanzo maana yake ilikuwa mchafuko, mambo kuingiana yasijulikane mwanzo wala mwisho. Hata leo Mjerumani asemapo "verwirren" hakusudii kupigana, bali kutatiza. Katika kitabu cha tarehe cha watawa wa Peterborough neno hilo latajwa kwenye habari za mwaka 1140, zama za Mfalme Stephen, nchi ilipokuwa haina amani.

Kiswahili chetu nacho kililiona jambo hilo. Twasema "matata", na asili yake ni uzi ulioingia tata.

Lakini asili ya neno si hoja ya kutosha peke yake. Na tutazame yaliyotokea. Kila aanzishaye vita hudai kuwa anatengeneza mambo. Mwaka 1914 H. G. Wells aliviita vita vya Ulaya kuwa ni vya kukomesha vita. Baada ya miaka 25 vikazuka vikubwa zaidi. Na jina la Kariokor, Nairobi, lingali likitukumbusha wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa katika vita vile vya kwanza, ambavyo havikuwa vyao.

Mtu atauliza: "Je, ashambuliwaye asijitetee?" Hatusemi hivyo. Kujitetea ni haki, na pengine ni wajibu. Ila ajuaye kuwa ameingia katika tata hutafuta njia ya kutoka; adhaniye kuwa vita vyenyewe ndio utengenezaji, huyo haoni sababu ya kuacha.

Mvuvi ambaye mshipi wake umeingia tata hauvuti kwa nguvu, maana huko ni kukaza fundo. Hukaa akautatua polepole. Basi na tuwe hivyo katika magomvi yetu, ya nyumbani na ya mji. Atuitaye kugombana, tumwulize kwanza: ni fundo gani utakalolifungua? Asipokuwa na jibu, tusimpe mkono wetu.