Je, Kunyima Nako ni Rehema?

Katika maswali ambayo wanazuoni wameyakeshea karne nyingi na bado hawajayamaliza, mojawapo ni hili: vipi Mola aliye mwingi wa rehema amnyime mja wake kile anachokililia, na kunyima huko nako kukahesabiwa kuwa rehema? Mimi si mwanachuoni, wala swali hili halikunijia kwa njia ya vitabu. Lilinijia dirishani pangu, hapa Nairobi, na sababu yake ni dungusi dogo lisilozidi ukubwa wa ngumi, ambalo nililiua kwa kulipenda.

Lilikuwa la jamii ile ambayo wataalamu huiita Mammillaria, jina litokalo katika neno la Kilatini la chuchu, kwa kuwa mwili wake wote umejaa vichuchu, na juu ya kila kimoja limekaa shada la miiba mfano wa nyota. Na asili yake zaidi ni Meksiko. (Mnyaa wetu, ambao wengi huudhani kuwa dungusi, si wa ukoo huo, maziwa yake yanaushitaki.) Nilikuwa nikilimwagilia maji asubuhi na jioni, kama nimwagiliavyo mrehani, nikiona ni aibu kiumbe kikae nyumbani mwangu na udongo mkavu. Halikunung'unika. Lilinenepa, likang'aa, hata siku moja nililigusa kwa kidole, kikazama: limeoza tangu chini, na huku juu lingali kijani kana kwamba hapana lililoharibika.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba dungusi hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku na kuvifumba mchana, ili jua lisilinyang'anye maji yake. Na kwamba likikoseshwa maji miezi ya baridi, likaachwa penye nuru nyingi, huenda likajivika taji la maua ya waridi utosini joto lirudipo, hali lile linyweshwalo mfululizo huishia kunenepa tu.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha kufasiri majina ya Mwenyezi Mungu, alitoa mfano wa mtoto anayehitaji kuumikwa: mama kwa huruma yake amkinga, baba kwa akili yake amlazimisha, na mjinga humdhania mama ndiye mwenye rehema peke yake. Nilipousoma mfano huo niliukubali papo hapo, kwani ushahidi wake nilikuwa nimeushika mkononi, umeoza. Lakini nilipoutafakari zaidi niliingiwa na hofu, si kwa ajili ya Mola, bali kwa ajili yetu sisi waja. Maana ni mwepesi ulioje mfano huo kinywani mwa tajiri amfungiaye mlango jirani mwenye njaa, akadai kwamba anamfundisha subira! Yule baba aliyajua maradhi ya mwanawe, na juu ya hayo alitaka apone. Mimi nalinyima dungusi maji kwa kuwa najua lina akiba mwilini. Jirani mwenye njaa hana akiba, na amnyimaye anajua hivyo. Kunyima bila ya ilimu wala mapenzi ni ujeuri mtupu, kama vile kutoa kwangu bila ya ilimu kulivyokuwa mauaji. Kwa hiyo naona mfano wa Al-Ghazali ni halali kwa aliyenyimwa, akiuchukua mwenyewe kwa hiari yake ili umtulize moyo. Kwa mnyimaji ni haramu.

Dungusi la pili nimelipanda katika chungu chenye tundu chini, udongo wake nusu changarawe. Nilipokuwa nikilinywesha, nililinywesha hata maji yakachuruzika, kisha nikaliacha mpaka udongo ukauke wote. Sasa ni Julai, kipupwe kimekaza, na tangu Mei sijalipa hata tone. Jana nimelipapasa: ni gumu. Maua bado.