Mgombea Akijitoa, Kura Ni ya Nani?

Kuna huzuni moja ambayo wengi wanaona haya kuisema. Mtu amemchagua mgombea wake moyoni. Amemtetea sokoni, amebishana na shemeji yake, anangoja siku ya kura. Halafu redio inatangaza: bwana yule amejitoa, naye anaomba wafuasi wake wampe mwingine kura zao. Mpiga kura anabaki kama msafiri aliyeachwa njiani. Je, ana haki ya kukasirika? Tena kura yake sasa ni ya nani?

Mambo haya yametupata kweli katika Kongo. Tarehe 19 Novemba 2023 Augustin Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani, alijitoa akamwunga mkono Moïse Katumbi. Kesho yake Katumbi alianza kampeni yake hapa kwetu Kisangani. Waliompenda Matata walipewa siku moja tu ya kumeza uchungu wao.

Tusiwe wepesi kusema kwamba kila anayejitoa ni msaliti. Tangu Katiba ilipogeuzwa mwaka 2011, rais wetu huchaguliwa kwa duru moja. Anayewapita wenzake ameshinda, hata asipofikia nusu ya kura. Katika uchaguzi wa mwaka 2018 Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa kura zipatazo 38 katika kila 100, na matokeo yale yalibishaniwa sana. Basi wenye nia moja wakigawana kura, wanamsaidia yule wasiyemtaka. Anayewaachia wenzake nafasi kwa sababu hiyo aweza kuwa ametenda vema, hata kama, kama ilivyokuwa 2023, upande wake haukushinda.

Kosa liko wapi, basi? Tutazame yaliyotokea Geneva. Tarehe 11 Novemba 2018 wakubwa saba wa upinzani walitia sahihi, wakamchagua Martin Fayulu awe mgombea wao mmoja. Siku ya pili Tshisekedi na Vital Kamerhe waliondoa sahihi zao, maana wafuasi wao walikataa. Wengine walisema: wamevunja neno. Wengine walisema: wamewasikiliza watu wao. Sisi tunaona kwamba shida ilianza kabla ya kalamu kushikwa. Mtu asiahidi kitu kisicho chake pasipo kumwuliza mwenyewe. Mgombea ana haki ya kutoa jina lake. Kura hana haki ya kuzitoa. Hizo si mbuzi zake, azifungie kamba na kumpelekea rafiki.

Kwa hiyo mpiga kura ana haki ya kukasirika, si kwa kuwa mtu wake ameondoka, bali kwa kuwa hakuulizwa wala hakuelezwa. Mgombea aliyeomba kura mbele ya watu, akijitoa na aje mbele ya watu hao hao, awaambie sababu kwa kinywa chake mwenyewe. Hilo ni deni.

Lakini mpiga kura naye ana wajibu wake. Watazameni wavuvi wa Wagenia penye maporomoko. Wanasimamisha miti mikubwa juu ya miamba, wanaifunga kwa kamba za msituni, wanatega madema yao katika maji makali. Mto ukichukua dema moja, mvuvi hasemi kwamba samaki wamekwisha. Anakumbuka alichokuja kutafuta, anasuka dema jingine.

Vivyo hivyo wewe, jiulize ulimtaka mtu yule kwa ajili ya nini. Kama ni barabara, au mshahara wa mwalimu, au amani, mambo hayo hayakujitoa pamoja naye. Wapime waliobaki kwa kipimo kile kile. Huenda yule uliyeonyeshwa ndiye anayefaa, huenda siye. Usimpe kura kwa utii tu, wala usimnyime kwa hasira tu. Na kama ulimpenda mgombea kwa sababu ya kabila lake au fulana aliyokupa, ni vema ulijue hilo sasa, kabla ya kuingia chumba cha kura.

Maana katika chumba kile mtu huingia peke yake. Aliyejitoa hayumo, na aliyeachiwa nafasi hayumo pia.