Mikwaruzo ya Bastola Kuukuu

Mtu anunuaye bastola iliyokwisha tumiwa na wengine hununua vitu viwili kwa bei moja: chombo cha chuma, na maisha ya chombo hicho kabla ya kufika mkononi mwake. Chombo chaweza kufunguliwa, kupimwa na kutiwa mafuta. Maisha yake hayapimiki. Aghalabu ushahidi wake ni mikwaruzo tu: mstari mweupe ubavuni, weusi uliofifia mdomoni mwa mtutu kwa kuingizwa na kutolewa katika ala ya ngozi, na vibao vya mpini vilivyolainishwa na kiganja cha mtu asiyejulikana. Jambo la kwanza limjialo mnunuzi ni jinsi ya kuiondoa mikwaruzo hiyo. Laonekana kuwa swali la fundi, na fundi ana majibu mengi. Walakini chini yake pana swali jingine ambalo si kazi ya fundi kulijibu: je, mtu ana haki gani ya kukifanya kitu kilichoishi kionekane kana kwamba hakijaishi?

Mfano ulio wazi ni bastola ya M1911, iliyobuniwa na John Browning na kukubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Ilikuwa bastola ya kawaida ya jeshi hilo mpaka mwaka 1985, ilipochaguliwa Beretta kushika mahali pake. Yaani ilipita katika vita vikuu viwili, kisha Korea, kisha Vietnam. Nyingi zilirudishwa katika karakana za jeshi zikafunguliwa na kufungwa tena, hata kiunzi cha moja kikavikwa mtutu wa nyingine. Mwaka 2018 shirika la Civilian Marksmanship Program lilianza kuwauzia raia wa Marekani sehemu ya bastola hizo zilizokuwa zimelala ghalani, nalo lilizipanga kwa madaraja kulingana na hali yake. Aliyenunua alijua kwamba hanunui kitu kipya. Hata hivyo wengi, walipofungua sanduku, walitazama uso wa chuma kabla ya kutazama ndani ya mtutu.

Ubavu wa kushoto wa bastola za namna hii mara nyingi una mkwaruzo mmoja uliopinda kama mwezi mwandamo. Hutokea wakati wa kuifunga bastola baada ya kuisafisha: kuna kipande kidogo, chenye pini ipitayo chini ya mtutu, ambacho lazima kiinuliwe kwa uangalifu mpaka kikae mahali pake, mkono ukiharakisha, ncha yake huburuta juu ya kiunzi na kuacha upinde. Wamarekani huuita mkwaruzo wa mjinga. Jina hilo ni kali kupita haki. Yamkini mjinga mwenyewe alikuwa kijana aliyefundishwa kazi ile kwa siku chache, akaifanya gizani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na mawazo yako kwingine. Jina lake halikuandikwa juu ya chuma. Limeandikwa la kiwanda na la jeshi. Upinde ule ndio saini pekee aliyoiacha, na ajaye baada yake akiwa na msasa mkononi humfuta kwa dakika tano.

Njia za kufuta ni nyingi. Kwa mkwaruzo mdogo kuna dawa ya kupaka, iliyo na chumvi za seleni na shaba, ambayo huifanya sehemu iliyong'aa kuwa nyeusi papo hapo. Lakini weusi wake ni dhaifu, na mara nyingi haulingani na ule wa jirani yake. Kwa aliyeazimia zaidi, bastola hung'arishwa yote, kisha huchovywa katika magadi makali yaliyochanganywa na shura na kuchemshwa kwa joto la kiasi cha nyuzi 140 za sentigredi, mpaka uso wa chuma ugeuke ngozi nyembamba ya rangi ya buluu iliyokaribia weusi. Bastola nyingi za vita vya pili hazikupata hata uzuri huo. Zilipewa vazi la kijivu la fosfeti, lililofaa vita na halikufaa kabati la kioo. Ubaya wa kazi hii haumo katika rangi. Umo katika kung'arisha kunakoitangulia, kwa maana mkwaruzo hauondolewi ila kwa kuondoa chuma kinachouzunguka. Pembe zilizokuwa kali huviringika. Herufi zilizogongwa kiwandani hupungua kina. Mkwaruzo hufa, na vitu vingine visivyokuwa na kosa hufa pamoja nao.

Hapa yafaa kutenga mkwaruzo na kutu, kwa kuwa watu huvichanganya. Mkwaruzo ni kovu na kutu ni kidonda. Kovu limekwisha kutenda lote lililoweza kutenda; kidonda chaendelea kula. Mwenye bastola ana wajibu wa kuiondoa kutu, naye akiiacha kwa kisingizio cha kuheshimu ukale ni mvivu aliyevaa joho la mwanahistoria. Kadhalika mtutu uliovimba, kamani zilizochoka na kufuli la usalama lisiloshika si ukumbusho wa mtu yeyote. Ni hatari kwa aliye hai.

Yapo maneno ya soko pia. Wakusanyaji wa silaha za kale hulipa zaidi kwa bastola yenye vazi lake la kwanza, hata likiwa limechakaa, kuliko kwa iliyorudiwa rangi. Kampuni ya Singer, iliyojulikana kwa vyerehani, ilitengeneza M1911A1 500 tu kwa mkataba wa majaribio kabla ya kuelekezwa kwenye kazi nyingine za vita, na mtu akiichovya moja ya hizo katika magadi amechoma fedha zake mwenyewe. Lakini asidhaniwe kuwa mwema anayeuacha mkwaruzo kwa sababu una bei. Soko hilohilo limezaa mafundi wanaokwaruza chuma kipya ili kionekane kizee. Wa kwanza afuta maisha yaliyokuwapo, wa pili abuni yasiyokuwapo, na wote wawili huuza uongo mmoja.

Kwa nini basi jambo hili liwe zito kwa bastola kuliko kwa meza au saa? Kwa sababu bastola ni chombo ambacho jamii ina haki ya kuuliza kilikuwa wapi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 iliwalazimisha watengenezaji na waagizaji wa silaha kupiga namba juu ya kila moja, na kuifuta namba hiyo ni jinai. Hapana anayesema kwamba ajaye kulainisha ubavu ni ndugu wa mhalifu ajaye na tupa kukwangua namba. Walakini mikono yao hufanya mwendo mmoja, na chuma hakitofautishi nia zao. Namba inapogongwa, chuma kilicho chini yake hugandamizwa. Hata ikikwanguliwa mpaka uso uwe tambarare, wachunguzi wa jinai mara nyingi huweza kupaka tindikali na kuiona ikirudi. Ndani ya chuma mna kumbukumbu ambayo msasa haukuifikia.

Mtu aweza kupinga hivi: mali ni yake aliyenunua, na mjane aliyeachiwa bastola ya mumewe, asiyetaka kuona kila siku alama za kidole kilekile, ana haki ya kuipatia uso mpya. Hoja hii ina nguvu, na jibu la haraka haliitoshi. Haki ya mjane huyo ni ya kweli, kwa kuwa afutacho ni kumbukumbu yake mwenyewe na anajua anachofuta. Mnunuzi mgeni hufuta ya wengine bila kuijua. Zaidi ya hayo, hata haki ya mjane hukoma siku anapouza. Fikihi ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wameihukumia biashara yao kwa karne nyingi, humpa mnunuzi khiyari ya aibu: akikuta kasoro ya tangu kwa muuzaji ipunguzayo thamani ya kitu, naye hakuijua wakati wa kununua, aweza kukirudisha. Fikihi hiyo haimkatazi mtu kuuza kitu chenye kasoro; humtaka aitaje. Rangi mpya juu ya bastola ya kale, kwa mkusanyaji anayelipia vazi la kwanza, ni kasoro hasa, ijapokuwa inapendeza kuliko ilichokifunika.

Basi aliyekwisha kuirudia rangi, kwa sababu njema au kwa upuuzi, bado ana jambo dogo la kufanya. Aandike katika kipande cha karatasi mwaka wa kazi, sehemu zilizong'arishwa, na mikwaruzo iliyokuwapo, pamoja na upinde wa ubavu wa kushoto. Akiweke ndani ya sanduku la bastola, chini ya kitambaa cha mafuta, ambapo atakayeinunua baada yake atakikuta.