Nasaha kwa Mwalimu Mpya na kwa Mwanafunzi Aliyelemewa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanaadamu yale aliyokuwa hayajui. Na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), aliyepelekwa kuwa mwalimu wa watu wote, na Aali zake na Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo: Elimu ni amana ishikwayo na watu wawili, anayefundisha na anayefundishwa, mmoja akilegea, amana huanguka. Na mara nyingi haianguki kwa mtoto mwepesi wa kufahamu. Huanguka kwa yule mzito, ambaye wenzake wamekwisha kuhitimu Juzuu Amma naye angali anababaika katika sura fupi za mwisho. Mtoto huyo akidharauliwa na mwalimu wake siku moja, na akachekwa na wenzake siku ya pili, siku ya tatu hujitia ugonjwa, na mwisho wake huacha chuo. Wala haachi chuo peke yake. Hukua akidhani kuwa Qur'ani ni mali ya watu wengine, na kuwa msikiti ni mahali alipoaibishwa. Hasara hiyo ni kubwa kuliko hasara ya somo moja, na kuizuia ni wajibu wa mwalimu, na wa mwanafunzi mwenyewe, na wa wazazi wake.

MALIPO YA ANAYEBABAIKA

Imepokewa kwa Bibi Aisha (Mwenyezi Mungu amridhie) kuwa Mtume (S.A.W.) ameeleza daraja za wasomaji wawili. Yule aliye hodari wa Qur'ani yu pamoja na Malaika watukufu. Na yule anayeisoma kwa kubabaika, na kusoma kukawa kuzito juu yake, ana malipo mawili. Wanavyuoni wameeleza kuwa malipo moja ni ya kusoma, na la pili ni la taabu yake.

Basi na azingatie mwalimu. Mtoto anayekwama mbele yake, akarudia neno mara tano, yumo katika ibada iliyoahidiwa malipo maradufu. Anayemcheka mtoto huyo anamcheka mtu aliye katika ibada. Na mwanafunzi naye na azingatie: uzito wa ulimi wake si dalili ya kuwa Mwenyezi Mungu hamtaki. Nabii Musa (A.S.) aliomba afunguliwe fundo la ulimi wake ili watu wafahamu maneno yake, kama ilivyokuja katika Sura Taha, na katika Sura Al-Qasas alikiri kuwa ndugu yake Harun ni fasihi kuliko yeye. Pamoja na hayo, aliyesemezwa na Mola wake ni Musa.

MFANO WA CHUO CHA BASRA

Katika historia ya Ibadhi hakuna chuo chenye mafunzo makubwa zaidi kwa walimu kuliko kile cha Imamu Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima (Mwenyezi Mungu amrehemu) katika mji wa Basra. Yeye alichukua elimu kwa Imamu Jabir bin Zayd, mzaliwa wa Firq karibu na Nizwa, aliyefariki mwaka 93 Hijria. Abu Ubayda hakuwa mtu wa ukoo mkubwa wala wa mali. Alikuwa maula wa Bani Tamim, na riziki yake aliipata kwa kusuka makapu, hata akajulikana kwa jina la Al-Qaffaf, yaani msukaji makapu. Alifungwa gerezani katika zama za Al-Hajjaj, na hakutoka ila baada ya kufa jabari huyo mwaka 95 Hijria.

Alipotoka gerezani hakuacha kufundisha. Inapokewa kuwa darsa zake zilifanywa katika chumba cha chini ya ardhi, na mlangoni akawekwa mtu pamoja na mnyororo. Akija mgeni asiyeaminika, mnyororo hutikiswa, na wanafunzi wakanyamaza na kushika kazi ya kusuka makapu. Akiondoka, hurudi katika somo. Hao wote walijifunza katika khofu na umasikini, wala hawakufanya dhiki kuwa udhuru.

Kwake walifika watu kutoka Maghribi, nao ni Asim As-Sidrati, Ismail bin Darrar Al-Ghadamsi, Abu Daud Al-Qibilli na Abdurrahman bin Rustam, na akajiunga nao Abul-Khattab Al-Maafiri kutoka Yaman. Walikaa naye muda wa miaka mitano. Wakati wa kuagana ulipofika, Ismail alianza kumuuliza mwalimu wake juu ya hukumu za sharia, akamuuliza masuala yapatayo mia tatu. Abu Ubayda akamuuliza kama anataka kuwa kadhi. Naye akajibu kwa kumuuliza, itakuwaje iwapo atapewa mtihani huo? Mwalimu hakumfukuza wala hakumwambia kuwa muda umekwisha; na Ismail huyo baadaye ndiye aliyekuwa kadhi katika uimamu wa Abul-Khattab, ulioanza Tripoli mwaka 140 Hijria. Lau mwalimu angechoka na suala la kumi, wangelikosa watu wa Maghribi hukumu zilizokuwamo katika mia mbili na tisini zilizobakia.

NASAHA KWA MWALIMU MPYA

Kwanza, aisafishe nia yake. Mwalimu mpya mara nyingi hutaka aonekane kuwa anajua, na kwa hivyo huwapenda wanafunzi wanaompamba mbele ya wazazi siku ya hafla, na huwasahau wanaomtia aibu. Dawa ya maradhi haya imo katika Sura Abasa. Mtume (S.A.W.) alishughulika na wakubwa wa Makureshi akitaraji wasilimu, akajiwa na kipofu, Ibn Ummi Maktum, aliyetaka kufunzwa. Zikateremka aya za kumzindua juu ya huyo aliyekuja mbio naye anamcha Mungu. Ikiwa hayo yameteremka kwa aliye bora wa viumbe, na hali alikuwa katika kazi ya daawa, basi vipi kwa mwalimu anayemwacha mtoto dhaifu kwa sababu tu anamchosha?

Pili, asione haya kusema "sijui". Malaika, kwa cheo chao, walikiri mbele ya Mola wao kuwa hawana elimu ila aliyowafunza. Mwalimu anayesema hajui kisha akenda kuuliza, huwafunza wanafunzi wake mambo mawili: jawabu, na adabu ya kulitafuta.

Tatu, apime somo kwa kipimo cha anayelipokea. Qur'ani yenyewe iliteremka kidogo kidogo kwa muda wa miaka ishirini na mitatu, na Mwenyezi Mungu ameeleza katika Sura Al-Furqan kuwa hekima yake ni kuuthubutisha moyo wa Mtume. Masahaba walikuwa wakijifunza aya kumi, hawazivuki mpaka wajue maana yake na wazitumie. Na amesimulia Ibn Masud kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwapa mawaidha kwa nafasi, akichelea wasichoke. Haba na haba hujaza kibaba. Na aliyejaza kibaba kwa siku moja kwa pupa, hukimwaga njiani.

Nne, asahihishe bila ya kuvunja. Muawiya bin Al-Hakam alizungumza ndani ya sala kwa kutojua, na watu wakamkodolea macho. Sala ilipokwisha, Mtume (S.A.W.) hakumkemea wala hakumpiga wala hakumtukana, bali alimfahamisha kuwa sala si mahali pa mazungumzo ya watu. Bwana huyo akashuhudia kuwa hajapata kuona mwalimu mwema kuliko yeye. Na mtu mwengine aliyesali vibaya alirudishwa mara tatu, mpaka yeye mwenyewe akasema hajui zaidi ya hapo na akaomba afunzwe, ndipo Mtume (S.A.W.) akamfunza hatua kwa hatua. Kumwacha mwanafunzi ajaribu mpaka alione kosa lake, kisha kumwongoza, ni njia ya Mtume. Ama bakora na matusi, huenda vikamnyamazisha mtoto, lakini kunyamaza si kufahamu.

Tano, aujue ulimi wa wanafunzi wake. Watoto wengi wa familia za Kiswahili zilizoko Oman na nchi nyengine za Ghuba, na za Uingereza, hulelewa kwa Kiswahili nyumbani. Herufi kama Hha, Ain, Sad na Dhad hazimo katika matamshi ya lugha hiyo, na mtoto hutamka kwa kile alichonacho. Akisoma "qalb", ambayo maana yake ni moyo, hutoka "kalb", ambayo maana yake ni mbwa. Darasa zima hucheka, naye hajui kilichochekesha. Mwalimu mwenye hekima hufungua kinywa chake, akaonyesha mahali herufi inapotokea, akawataka wote waseme pamoja, ili yule mmoja ajifunze bila ya kunyooshewa kidole.

NASAHA KWA MWANAFUNZI ALIYELEMEWA

Kwanza, asijipime kwa wenzake. Apime leo yake kwa jana yake. Aliyekuwa jana hajui aya moja na leo anaijua, huyo amepiga hatua, hata kama jirani yake amehifadhi sura nzima.

Pili, aulize. Kuuliza si ujinga. Na haya inayomzuia mtu asijue dini yake si haya iliyosifiwa. Na amkumbuke Ismail bin Darrar na masuala yake mia tatu.

Tatu, adumu katika kidogo. Achukue aya moja au mbili, azisome kwa mwalimu, kisha azirudie baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi, na azisome ndani ya sala zake za sunna. Kidogo kinachodumu ni bora kuliko kingi kinachokatika.

Nne, asifanye upungufu wake kuwa udhuru. Sheikh Nuruddin Abdullah bin Humaid As-Salimi, aliyefariki mwaka 1332 Hijria (1914), alipoteza macho yake naye angali mtoto. Alijifunza kwa masikio na kwa kuhifadhi, na vitabu vyake aliviandikisha kwa kuvisema. Kipofu huyo akawa mwalimu wa maimamu wawili wa Oman, Salim bin Rashid Al-Kharusi na Muhammad bin Abdullah Al-Khalili. Na pamoja na vitabu vyake vikubwa vya fiqhi na itikadi, aliwatungia watoto kijitabu chepesi, Talqin As-Sibyan, cha kuwafunza yaliyo lazima katika dini yao. Mwanachuoni wa cheo hicho hakuona kuwa kumwandikia mtoto ni kujishusha.

Tano, asichoke na subira. Nabii Musa (A.S.) alisafiri mpaka akachoka kwa kumtafuta yule mja mwema anayetajwa katika Sura Al-Kahf ili amfunze. Akaambiwa tangu mwanzo kuwa hataweza kusubiri, naye akaahidi kusubiri, akateleza mara ya kwanza, akaomba asishikwe kwa kusahau kwake, na safari ikaendelea. Ikiwa Nabii aliteleza mbele ya mwalimu wake akaendelea, basi mwanafunzi asikate tamaa kwa kuteleza kwake.

NENO KWA WAZAZI

Samaki mkunje angali mbichi, lakini akikunjwa kwa nguvu huvunjika. Mzazi asimlinganishe mwanawe na mtoto wa jirani wala asimwite mjinga mbele ya wageni. Amsikilize japo dakika kumi kila usiku. Mzazi asiyejua kusoma na akae chini asome pamoja na mwanawe. Hakuna litakalomtia mtoto moyo kama kumwona baba yake au mama yake anababaika katika herufi ile ile, na wala haoni haya. Na akimwona mwalimu mpya anakosea, amnasihi kwa faragha, kwani mwalimu akivunjwa mbele ya wanafunzi, somo lake huvunjika pamoja naye.

Mwisho, Siku ya Kiyama mwalimu hataulizwa tu juu ya waliohitimu. Ataulizwa pia juu ya yule aliyetoka chuoni akilia, na wala hapana aliyemfuata kumrudisha. Basi anayefundisha na amfuate leo, kabla ya kuulizwa kesho.

Mwenyezi Mungu awape walimu upole, na wanafunzi subira, na wazazi hekima, na awazidishie wote elimu yenye manufaa, kama alivyomfunza Mtume wake kuomba azidishiwe elimu. Na sala na salamu zimfikie Bwana Mtume Muhammad na Aali zake na Sahaba zake wote.

Amin.