Nyumba ya Ufuoni Iliyokuwa Kwenye Simu Tu

Anayetaka kujua jinsi vijana wa Soko la Toi, Nairobi, walivyo wagumu kudanganywa, afike pale asubuhi robota la mitumba linapokatwa. Kwanza hutolewa kamera, zile nguo za daraja la juu zinazogombewa, na zinazobaki hushuka bei kutwa nzima hadi jioni zinapoitwa fagia. Kijana anaokota suruali ya jinzi, anaingiza mkono kiunoni, anavuta zipu mara mbili, anaigeuza nje ndani kutazama mshono wa mapajani ambako jinzi huchakaa mapema, kisha anaiinua juani. Mwambie, "Hii ni safi boss, chukua tu," atacheka. Atachukua, ndiyo, lakini akishamaliza ukaguzi wake.

Ndiyo maana kisa hiki kimenisumbua. Waliotapeliwa ni watu wenye jicho hilo hilo. Kama wao waliingia, mimi sijioni salama, na wewe unayesoma usijione.

Walikuwa wanane, wengine wa Makina huko Kibera, wengine wa Kawangware, wote wakiuza Toi au pembezoni mwake. Tangu Pasaka walikuwa na chama chao. Kila siku ya kazi kila mmoja alimpa mweka hazina shilingi 100, naye ni dada anayeuza nguo za watoto. Soko hili limewahi kuteketea, ikiwemo katika vurugu za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, na wanaofanya biashara hapo wanajua shilingi mia inavyotafutwa. Pesa zao hazikuwa za mchezo. Walitaka Krismasi moja tu wawe ufuoni, wasiwe nyuma ya meza ya viatu.

Mwanzoni walitaniana kwamba ufuo huo uwe wa Italia. Mmoja wao huuza mashati yenye lebo za Kiitaliano, akasema sasa ni zamu yake kuyarudisha kwao. Wakapiga hesabu. Ada ya viza ya Schengen peke yake ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bado bima ya safari ya angalau yuro 30,000, bado taarifa ya benki na tiketi ya ndege. Na hata ukifika, fuo nyingi za kule zimegawiwa wenye viti na miavuli, ukitaka kukaa unalipa. Mzaha ukaishia hapo.

Lakini Kenya ina Italia yake ya kufikika kwa matatu. Waitaliano walianza kujenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, miaka ya 1960. Desemba 12, 1970 ndipo iliporushwa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Wahandisi waliipenda pwani, wakawaita jamaa zao, na kufikia leo Malindi na Watamu zina piza, aiskrimu za Kiitaliano na vijana wa Kigiriama wanaokisema Kiitaliano bila kuwahi kukalia dawati la shule kwa ajili yake. Wanane wetu wakaamua: Malindi.

Usafiri waliupanga vizuri, na hilo nalitaja kwa sababu watu hawa hawakuwa wazembe. Tiketi za treni ya Madaraka walizikata mapema wenyewe kwa *639#, kila mmoja kwa namba yake ya kitambulisho, shilingi 1,500 daraja la kawaida kwenda na nyingine 1,500 kurudi. Tiketi za wiki ya Krismasi huisha upesi, na anayechelewa huangukia mikononi mwa madalali.

Nyumba ndiyo iliyowaponza. Waliiona kwenye Facebook: vyumba vinne, kidimbwi cha kuogelea, baraza linalotazama bahari ya samawati. Shilingi 6,000 kwa usiku, watu wanane. Wiki ya Krismasi! Hapa ndipo pa kusimama, hiyo ni dalili ya kwanza. Nyumba ya namna hiyo Malindi, wakati huo wa mwaka, huenda kwa bei mara kadhaa ya hiyo, na mmoja wao alilisema kikaoni. Akajibiwa kwamba, kwa maelezo ya wakala aliyeitangaza, mwenye nyumba yuko Ulaya na anataka tu watu waaminifu wa kuikalia. Angalia jinsi jibu lile lilivyowapaka mafuta. Nani hataki kuitwa mwaminifu? Lau mtu angewaletea koti la ngozi la kamera kwa shilingi 200, wangeuliza limeibwa wapi.

Dalili ya pili ililetwa na mama mmoja wa Kilifi anayeuza viatu meza ya jirani. Alioneshwa picha, akaitazama kwa muda. "Wanangu, hii si Malindi ya Desemba," akasema. "Maji yetu wakati huo ni ya tope." Mama alikuwa sahihi. Mto Sabaki humwaga maji kaskazini ya Malindi, na baada ya mvua za vuli upepo wa kaskazi hulisukuma tope lake hadi kwenye ghuba ya mji. Tena baadhi ya maji hayo ni yetu wenyewe: mto Ngong unaopita kando ya Kibera huingia mto Nairobi, nao huingia Athi, na Athi ndiyo Galana, ndiyo Sabaki. Vijana wakampigia wakala na kumuuliza. Bila kusita akasema samahani, nyumba iko Watamu, Malindi ni jina la kutangazia tu. Watamu kweli ina maji safi. Basi wakaridhika, badala ya kujiuliza ni wakala gani huyu asiyejua nyumba yake iko mji gani mpaka aulizwe rangi ya maji.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Kijana anayetengeneza simu alikuza picha ya jikoni kwa vidole viwili. Karibu na jiko palikuwa na soketi ya umeme yenye matundu matatu madogo ya mviringo, yamepangwa mstari mmoja. Akasema soketi hizo Kenya hazipo, zetu zina matundu matatu ya mstatili. Wakamcheka. "Si umeambiwa ni nyumba ya Waitaliano?" Hoja ikafungwa kwa kicheko, naye akanyamaza kwa sababu hakutaka kuonekana mchawi wa safari. Alikuwa ameshika ushahidi wote mkononi.

Waliomba waoneshwe nyumba kwa simu ya video. Mtandao wa Watamu ni mbovu, wakaambiwa. Waliomba namba ya biashara ya kulipia. Mfumo una hitilafu, tuma kwa namba ya mhasibu. Mweka hazina alipoandika namba ile, Mpesa ilimwonesha jina la mwanamume ambalo halijawahi kutajwa popote. Zile sekunde chache ambazo jina hujitokeza kabla pesa hazijaondoka ziliwekwa kwa ajili ya wakati kama ule. Alisita. Akaandika kwenye kundi lao la WhatsApp: "Jina ni tofauti, nitume?" Wakala naye alikuwa ameshawaambia kuna familia ya Thika inaitaka nyumba hiyo hiyo kabla ya saa kumi jioni. Watatu wakajibu kwa pamoja: tuma haraka tusipoteze. Zikaenda shilingi 30,000 za siku tano, kesho yake 10,000 nyingine za dhamana ya vyombo, na ya kutolea juu yake.

Siku ya safari walipanda treni ya saa mbili asubuhi, wakashuka Miritini, Mombasa, mchana, wakachukua matatu ya Malindi na kuteremka Gede, kisha tuktuk mbili hadi Watamu. Ramani waliyotumiwa iliwafikisha kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe wenye lango la mabati. Giza lilishaingia. Mlinzi mzee akatoka na kurunzi.

"Shikamoo mzee. Sisi ndio wale wageni wa nyumba."

"Marahaba wanangu. Nyumba ipi?"

Akawamulikia ndani. Ploti tupu, mchongoma na mnazi mmoja. "Poleni sana. Nyinyi ni wa tatu wiki hii."

Namba ya wakala ilikuwa imezimwa. Walilala Timboni, kijiji kilicho nyuma ya hoteli za Watamu, chumba cha watu wawili kwa shilingi 2,000, safi, na feni inafanya kazi. Asubuhi walitembea kwa miguu hadi baharini na kuoga bure, kwa kuwa ufuo wa Kenya ni mali ya umma, na kinacholipiwa pale ni kuingia hifadhi ya bahari kutazama matumbawe, pesa inayopitia eCitizen. Kumbe safari waliyoiweza ilikuwapo tangu mwanzo. Wangeanzia kwa nyumba ya kawaida ya wageni yenye mtu wa mapokezi anayepokea simu, wangekaa siku zote tano. Walikaa mbili, hamu ya likizo ikawaisha, wakarudi.

Waliporudi, fundi simu aliipekua ile picha kwa Google Lens. Ikajitokeza ikitangaza nyumba ya likizo Sardinia. Walitaka Italia ndogo, wakauziwa picha ya Italia kubwa.

Pesa hazikurudi. Mtu akikosea namba au akishtuka mapema, anaweza kupeleka ujumbe wa Mpesa kwa 456 ili muamala usimamishwe, lakini lazima pesa ziwe bado zimo kwenye akaunti ya aliyepokea. Hizi zilikuwa zimetolewa muda mrefu. Walipeleka namba ya tapeli kwa 333, namba ya kuripoti utapeli, wakaandikisha kituo cha polisi na kupewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Huo ni wajibu wa kila aliyetapeliwa, hata kama amechelewa, kwa sababu mlalamikaji mmoja hupuuzwa na ishirini hawapuuzwi.

Kilichovunjika zaidi ni chama. Kwenye treni ya kurudi waliacha kumsemesha mweka hazina. Mmoja akanong'ona kwamba pengine dada alikula cha juu na wakala. Binti wa watu alikuwa na kila ujumbe kwenye simu yake, pamoja na ule wa "nitume?", lakini nani alitaka kuusoma? Wote walisema tuma, na jina lililobaki kwenye muamala ni lake peke yake. Baadaye aliihamisha meza yake, sasa anauza Kawangware. Ukweli ni kwamba yeye ndiye pekee aliyesita.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kutuma amana ya nyumba yoyote, muombe mtu wa kule aende akasimame langoni mwake aione. Hakuna asiyemjua mtu wa Pwani jijini hapa, na nauli yake ya bodaboda ni ndogo kuliko hasara. Akikosekana, pigia nyumba jirani au duka la karibu uulize. Nyumba ya kweli hujulikana na jirani zake. Picha zipekue siku hiyo hiyo unapozipokea. Jina la Mpesa likija tofauti, futa muamala kwanza, maswali yafuate. Mwenye kukuharakisha mwachie hiyo familia ya Thika.

Na chama kikiamua kulipa, uamuzi uandikwe na watu watatu watie sahihi kabla mweka hazina hajagusa simu. Kama mnapanga Desemba hii, chukueni kisa hiki mkisome kwa sauti kikaoni, na yule mwenzenu atakayesema ameona soketi ya ajabu kwenye picha, mwacheni amalize kuongea.