Sufuria Yenye Mikwaruzo

Huku Sikonge sufuria husuguliwa kwa jivu na mchanga mpaka ndani pakajaa mikwaruzo. Bandika maji ya ugali, kisha utulie utazame. Viputo vya kwanza havizuki popote tu. Huanzia kwenye mikwaruzo ile, kila kimoja na mahali pake, kwa kuwa ndani ya mikwaruzo hiyo hubaki hewa kidogo. Kiputo kichanga kisipopata pa kushika hubanwa na maji yanayokizunguka kikafa. Kikipata hukua, kikapanda. Na katika uwanda huu wa Unyamwezi, ulio karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi.

Sasa yatoe maji hewa, yatie katika chombo laini kabisa, uyapashe taratibu. Yatapita kiwango chake cha kuchemka nayo yametulia tuli. Jean-André De Luc, mwanasayansi wa Geneva wa karne ya 18, aliyatikisa maji kwa wiki nne ili kuyatoa hewa. Alipoyapasha yalifika nyuzi 112 ndipo yakalipuka. Baadaye mwanafizikia Louis Dufour aliyaacha matone ya maji yaelee ndani ya mafuta, yakafika nyuzi 178. Maji ya namna hiyo ukiyadondoshea punje ya chumvi, au ukayagusa kwa kijiko, huruka ghafla kwa kishindo. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857. Katika safari ile walikadiria kimo cha nchi kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto. Kosa la nyuzi moja tu huongeza au kupunguza mita 300 hivi za mlima. Ndiyo maana katika vipimo makini kipimajoto huwekwa kwenye mvuke, si ndani ya maji. Maji huweza kuficha joto. Mvuke uliokwisha kutoka hauna cha kuficha.

Nikiwaza hivyo naona tunavyoipunja saburi. Tunamsifu asiyesema neno, tunamwita mvumilivu, kumbe pengine amekosa tu pa kutolea. Ayubu wa Biblia alikaa kimya na rafiki zake siku saba. Kisha akafungua kinywa, akailaani siku aliyozaliwa, akateta na Mungu sura baada ya sura. Mwishoni Mungu akasema ni Ayubu aliyenena sawa, si wale rafiki waliomkemea. Katika Kurani, Yaakubu aliyesema atashika subira njema ndiye huyo huyo aliyemshitakia Mola wake huzuni yake, akamlilia mwanawe Yusufu mpaka macho yakawa meupe. Hakuna aliyemvua daraja lake kwa machozi yale.

Maji yaliyopitiliza, yakishaanza kuchemka, joto lake hushuka kurudi kwenye kiwango chake, maana mvuke hubeba joto na kuondoka nalo. Basi nyumbani mwako, yule mkimya wa miaka mingi akianza kulalamika, usimkatize kwa "vumilia tu, mama." Mpishe aseme mpaka mwisho. Ndiyo kwanza anapoa.